Imeji ya diski inagoma kuhifadhiwa au kurejeshwa: mwongozo kamili wa kumsaka mchawi hatua kwa hatua

Maswali ninayoletewa kuhusu imeji za diski, yaani nakala za diski nzima zilizohifadhiwa kama mafaili, yanafanana kama mapacha. Mtu kanunua laptopu iliyotumika, ndani mna diski ya zamani ya kuzunguka ya GB 500, na anataka kuhamia SSD (diski ya kasi isiyozunguka) bila kusakinisha Windows upya. Anapakua Clonezilla, programu ya kunakili diski, anatengeneza imeji, anafunga SSD, anarejesha. Halafu skrini nyeusi. Au kazi inakatikia asilimia 37. Au diski haionekani kabisa kwenye orodha.

Kinachowaponza wengi ni kurudia jambo lile lile mara ya pili na ya tatu wakitumaini litakubali. Kosa huwa limejificha sehemu moja kati ya tatu: kwenye diski unayoinakili, mahali unapoihifadhi imeji, au kwenye njia ambayo kompyuta inaitumia kuwaka. Ukishajua ni wapi, dawa yake mara nyingi ni ya dakika kumi.

Mfano wangu ni Clonezilla kwenye mashine yenye Windows 10 au 11, kwa sababu ni ya bure na ndiyo wengi wanayohangaika nayo. Anayeogopa ile skrini yake ya maandishi atumie Rescuezilla: ina vitufe vya kubofya kwa kipanya, na inasoma imeji zilizotengenezwa na Clonezilla.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Flashi mbili, kila moja GB 8 au zaidi. Moja ya Clonezilla, nyingine ya kisakinishi cha Windows. Ya pili wengi hawaiandai, kisha wanaitafuta usiku wa manane kompyuta ikiwa imeshagoma kuwaka.
- Diski ya nje ya kuwekea imeji, yenye nafasi tupu isiyopungua ukubwa wa data uliyonayo. Imeji hubanwa, lakini picha, video na muziki havibaniki sana, kwa hiyo usihesabu muujiza.
- Diski mpya, pamoja na bisibisi ndogo. Kama ni SSD ya SATA, kebo ya kuigeuza iwe ya USB inasaidia sana.
- Betri nzima na chaja. Kwa kompyuta ya mezani, UPS. Umeme ukikatika katikati ya imeji, Clonezilla haiendelei pale ilipoishia. Unafuta folda iliyokatika na kuanza upya.
- Karatasi na kalamu. Utaelewa kwa nini katika hatua ya 1.

Kabla ya lolote, nakili kwa mkono folda zako muhimu kwenda kwenye diski ya nje: hati, picha, kazi za shule, hesabu za duka. Kunakili huku kwa kawaida ndiko kunakookoa siku hatua nyingine zikienda kombo.

## Hatua ya 1: Chora ramani ya mashine

Ndani ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `msinfo32`, kisha Enter. Tafuta mstari wa BIOS Mode. Utakuta UEFI, njia mpya ya kompyuta kuwaka, au Legacy, njia ya zamani. Andika.

Kisha fungua `diskmgmt.msc` kwa njia ile ile. Andika kila partisheni (kipande cha diski) kwa mpangilio wake na ukubwa wake. Karatasi yako iwe hivi:

UEFI. Diski 0, GB 465. MB 100 EFI, C GB 464, MB 520 ya urejeshaji.

Usishangae diski ya GB 500 kusomeka 465. Kiwanda kinahesabu kwa maelfu, Windows inahesabu kwa 1024. Kwa hesabu hiyo hiyo SSD ya GB 480 itasomeka 447. Tofauti hiyo ndogo imewalaza wengi macho, tutaifikia.

Kwa nini: kompyuta ikigoma kuwaka baadaye, hutaweza tena kuiuliza ilikuwa inawaka kwa njia gani. Karatasi itakuambia.

## Hatua ya 2: Izime Windows kikwelikweli

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Unapobonyeza Shut down kwenye Windows 10 au 11, mara nyingi mashine haizimiki kabisa. Inalala usingizi mzito ili asubuhi iwake haraka, na diski inaachwa kama mlango ulioegeshwa tu. Clonezilla ikikuta hali hiyo inakataa kunakili partisheni ya C, na itakuandikia maneno kama haya:

`NTFS Volume is scheduled for a check or it was shutdown uncleanly`

Wengi wakiyaona hukimbilia kudhani diski imekufa. Haijafa. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

`powercfg /h off`

kisha:

`chkdsk C: /f`

Itakuuliza kama ikague diski mashine itakapowaka tena. Jibu Y, washa upya, iache imalize. Halafu zima kwa amri hii:

`shutdown /s /t 0`

Mafanikio yanaonekana hivi: faili kubwa la `hiberfil.sys` linatoweka kwenye C, na Clonezilla inaanza kunakili bila lile onyo. Faida ya ziada ni kwamba umeokoa gigabaiti kadhaa ambazo zingeingia kwenye imeji bure.

## Hatua ya 3: Pima afya ya diski ya zamani

Pakua CrystalDiskInfo, ifungue. Rangi ya buluu ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Lakini usiishie kwenye rangi. Angalia namba za mistari hii:

05, sekta (vijisehemu vidogo vya diski) zilizokufa na kubadilishwa. C5, sekta zinazosubiri hukumu. C6, zilizoshindikana kabisa kusomeka. Katika diski yenye afya zote tatu ni sifuri.

C7 ni mnyama mwingine. Hiyo huhesabu makosa ya mawasiliano, na mara nyingi mkosaji ni kebo. Kwenye kompyuta ya mezani badilisha waya wa SATA kabla hujailaumu diski.

Kama C5 ina namba, imeji yako itakuwa inakatikia karibu na asilimia ile ile kila unapojaribu. Hiyo ndiyo dalili yake kuu. Kosa la umeme au kebo huruka huku na huko, lakini sekta mbovu haihami.

Dawa: katika Clonezilla chagua Expert mode badala ya Beginner, kisha katika orodha ndefu ya vichaguzi weka alama kwenye `-rescue`. Inaiambia programu iruke kipande kisichosomeka na kuendelea. Kumbuka kwamba faili lililokuwa pale litatoka na pengo ndani yake. Likiwa wimbo, utasikia mkwaruzo. Likiwa faili la Windows, mashine inaweza kusumbua.

Onyo: diski inayotoa mlio wa kugonga, tik, tik, tik, usiifanyie imeji. Kila dakika inayozunguka inazidi kujiumiza. Kopi vile vichache usivyoweza kuvikosa, izime, na kama ndani mna kitu cha thamani ipeleke kwa mtu wa kuokoa data.

## Hatua ya 4: Ulizia BitLocker kabla haijakuuliza wewe

Laptopu nyingi mpya zenye Windows 11 huwa zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalosimba data ya diski, bila mwenyewe kujua, hasa ukiwa umeingia kwa akaunti ya Microsoft. Kagua:

`manage-bde -status`

Kama C imefungwa, Clonezilla inachoona ni bahari ya herufi zisizo na maana. Haiwezi kutofautisha nafasi iliyotumika na tupu, kwa hiyo itanakili diski nzima sekta kwa sekta. Ukiona data yako ni GB 80 lakini imeji inataka GB 460 na saa kibao, sababu ni hiyo.

Una njia mbili. Ya kwanza, ifungue kabisa kwa `manage-bde -off C:` na usubiri asilimia ifike mwisho. Kusitisha kwa muda hakutoshi, maana data inabaki imesimbwa. Ya pili, iache ilivyo, lakini hakikisha una ule ufunguo wa tarakimu 48. Upo kwenye akaunti yako ya Microsoft. Unakili kwenye karatasi ile ile ya hatua ya 1.

Mimi napendelea kuifungua, nafanya kazi, kisha nawasha tena BitLocker kwenye diski mpya.

## Hatua ya 5: Kagua mahali imeji itakapokaa

Tuseme diski ya zamani ni nzima. Mshukiwa wa pili ni diski ya nje.

Kwanza, mpangilio wake wa mafaili. Kama ni FAT32, haiwezi kubeba faili moja la GB 4 au zaidi. Clonezilla yenyewe inaweza kukata imeji vipandevipande kukwepa hilo, lakini imeji isipokatwa, kazi hufia GB ya nne. Bofya diski kwa kitufe cha kulia, angalia Properties. Ikisema FAT32, hamisha vilivyomo na uiumbize upya kuwa NTFS au exFAT.

Pili, uhalisia wake. Sokoni zimejaa flashi na diski za nje zinazojiita TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani yake kuna chipu ndogo iliyodanganywa ijitangaze kubwa. Itapokea imeji yako yote kwa tabasamu, na siku ya kurejesha utakuta hewa. Ipime kwa H2testw: programu inaijaza diski kwa data, kisha inaisoma tena kulinganisha. Kwa Linux kuna F3. Inachukua muda mrefu, iache usiku. Ukiona makosa mwishoni, usijaribu kuitengeneza, itupe.

Tatu, tundu na kebo. Matundu ya USB 3 mara nyingi yana rangi ya buluu ndani. Ukichomeka kwenye USB 2, tarajia kama MB 30 kwa sekunde, yaani GB 100 kwa karibu saa moja. Kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, yameungwa moja kwa moja na ubao mama. Yale ya mbele hupitia waya, na ule waya una hila zake.

Usitumie kigawanyo cha USB kisicho na umeme wake. Diski ya kuzunguka ikikosa nguvu kwa sekunde moja inajitoa, na Clonezilla inabaki inaandika kwenye ukuta.

## Hatua ya 6: Diski haionekani ndani ya Clonezilla

Andika Clonezilla kwenye flashi kwa programu ya Rufus (flashi itafutwa yote), kisha washa mashine ukigonga kitufe cha menyu ya kuwaka. Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP ni F9. Flashi ikikataliwa kwa ujumbe wa Secure Boot, zima Secure Boot kwa muda kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine. Anayeifungua BIOS akiwa na BitLocker, arudi hatua ya 4 kwanza.

Sasa tatizo lenyewe. Umeingia, umechagua, orodha inaonyesha flashi na diski ya nje tu. SSD ya ndani haipo. Kwenye laptopu za Intel hii husababishwa na BIOS kuwekwa kwenye hali ya RAID au RST (namna za kusimamia diski), na Linux iliyo ndani ya Clonezilla haiwezi kuipita hiyo pazia. Inatakiwa iwe AHCI, hali ya kawaida.

Hapa ndipo watu wanapojichongea. Wanaingia BIOS, wanabadilisha kuwa AHCI, wanawasha Windows, inawatupia skrini ya buluu yenye `INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE`. Windows haina haja ya kufa, inahitaji tu kuandaliwa. Fanya kwa mpangilio huu:

1. Ukiwa ndani ya Windows, kwenye Command Prompt ya msimamizi: `bcdedit /set safeboot minimal`
2. Washa upya, ingia BIOS moja kwa moja, badilisha RAID kuwa AHCI, hifadhi.
3. Windows itawaka katika Safe Mode na kujipatia driva mpya. Jiandae kuingia kwa nenosiri, PIN inaweza kukataa.
4. Fungua tena Command Prompt: `bcdedit /deletevalue safeboot`
5. Washa upya kawaida.

Kama tayari umeshabadilisha na skrini ya buluu imekuja, usihangaike. Irudishe RAID, Windows itawaka, kisha anza namba 1.

Mafanikio: Clonezilla inaorodhesha diski kwa jina kama `nvme0n1` au `sda`, pamoja na ukubwa na modeli yake.

## Hatua ya 7: Tengeneza imeji, na uilazimishe ithibitishe

Ndani ya Clonezilla chagua `device-image`, kisha `local_dev`, chomeka diski ya nje, ichague kuwa ghala. Halafu `savedisk`. Chagua `savedisk` na siyo `saveparts`. Wanaochukua partisheni ya C peke yake wanaiacha ile ndogo ya EFI, na ndiyo yenye funguo za kuwasha mashine. Data itarudi yote, lakini kompyuta haitajua pa kuanzia.

Jina la imeji lisiwe na nafasi. Weka tarehe: `dell-2026-01-10` linatosha. Na usilibadilishe baadaye.

Programu itakuuliza kama ikague imeji baada ya kuihifadhi. Sema ndiyo. Najua inaongeza muda. Sema ndiyo hivyo hivyo, kwa sababu saa hii diski ya zamani bado inaishi na unaweza kurudia. Kugundua imeji mbovu wiki mbili baadaye, diski ya zamani ikiwa imeshauzwa, ni jambo la kulia.

Mafanikio: kila partisheni inaripotiwa kuwa inaweza kurejeshwa. Ikishindwa ukaguzi, na hatua ya 3 na ya 5 zilipita salama, badilisha kebo na tundu kisha rudia. Ikishindwa tena, pima RAM. RAM yenye kasoro huharibu data kimyakimya inapopita, na ni mkosaji anayesahaulika.

## Hatua ya 8: Rejesha, ukiwa macho

Funga diski mpya ndani ya mashine. Itoe ya zamani kabisa, iweke kabatini.

Nilishawahi kuwa na haraka nikaacha diski tatu zimechomekwa. Kwenye orodha nikaona `sda` na `sdb`, nikachagua `sda` kwa mazoea. Clonezilla ikaniuliza kama nina uhakika, nikabonyeza y. Ikaniuliza tena, y. Ilikuwa diski ya nje yenye picha za harusi ya dada yangu. Majina hayo hugawiwa upya kila mashine inapowaka, leo `sda` ni hii, kesho ni ile. Tangu siku hiyo nasoma modeli na ukubwa, na siangalii herufi. Nakushauri ubaki na diski mbili tu: yenye imeji na inayopokea.

Chagua `restoredisk`. Matatizo yanayojitokeza hapa ni haya.

Imeji haionekani. Mara nyingi umeingia ndani ya folda ya imeji yenyewe. Unatakiwa kuchagua folda inayoibeba. Clonezilla huiwekea imeji alama ya `CZ_IMG` kwenye kivinjari chake, ukiiona hiyo simama hapo hapo, usiingie. Sababu nyingine ni mtu kuibana folda kuwa zip, au kuipa jina lenye nafasi.

Diski mpya ni ndogo. Hapa ndipo ile hesabu ya 465 na 447 inapouma. Clonezilla inaangalia ukubwa wa diski ya asili, haijali kwamba umetumia GB 80 tu. Itakataa. Njia ipo: rudisha diski ya zamani, iwashe kwa GParted (programu ya kupanga partisheni), punguza C, isogeze ile partisheni ya urejeshaji iliyo mwishoni ije kushoto, ili vyote viishie mapema kabla ya ukubwa wa diski mpya. Tengeneza imeji upya, kisha urejeshe kwa Expert mode ukiwa umeweka alama kwenye `-icds`, inayoizuia programu kupima ukubwa.

Inafanya kazi. Lakini kuisogeza partisheni ni operesheni, na umeme ukikatika katikati mgonjwa anaweza asiamke. Kama bado hujanunua SSD, lipa kidogo zaidi uchukue ya GB 500 au 512 na ujiepushie safari yote hii.

Inakatika katikati ya kurejesha. Kama imeji ilipita ukaguzi, basi mshukiwa ni kebo, tundu, au diski mpya yenyewe. Ndiyo, diski mpya huja na ugonjwa. Ipime kwa H2testw kabla duka halijakataa kuirudisha.

Ukitaka kujua kilichotokea kwa undani, Clonezilla huandika kumbukumbu kwenye `/var/log/clonezilla.log` na `/var/log/partclone.log`. Soma mistari ya mwisho. Piga picha kwa simu kabla hujazima, kwani vinafutika mashine ikizimwa.

## Hatua ya 9: Imerejeshwa, ila haiwaki

Usirejeshe upya! Asilimia ilifika 100, data ipo. Kilichopotea ni njia.

Anza na karatasi ya hatua ya 1. Kama iliandika UEFI, ingia BIOS uhakikishe haijawekwa Legacy, na kinyume chake. Angalia pia mpangilio wa kuwaka: diski mpya iwe ya kwanza. Nusu ya wagonjwa hupona hapa.

Kama bado, chukua ile flashi ya pili, ya kisakinishi cha Windows. Iwashe, na kwenye ukurasa wa kwanza bonyeza Shift pamoja na F10. Kutafunguka dirisha jeusi. Andika:

`diskpart`
`list vol`

Soma orodha kwa utulivu. Unatafuta vitu viwili: kijisehemu cha FAT32 cha kama MB 100, ndiyo EFI, na partisheni kubwa ya NTFS yenye Windows. Kumbuka kwamba hapa herufi zinaweza kuwa zimebadilika, Windows yako ikaitwa D badala ya C. Tuseme EFI ni namba 2:

`select vol 2`
`assign letter=S`
`exit`

Kisha, ukiweka herufi halisi ya Windows:

`bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI`

Mafanikio: `Boot files successfully created.` Chomoa flashi, washa upya.

Kwa mashine ya Legacy, EFI haipo. Jaribu `bootrec /fixmbr` kisha `bootrec /rebuildbcd`. Usiitumie `bootrec /fixmbr` kwenye mashine ya UEFI ukidhani itasaidia. Video nyingi za mtandaoni zinaisambaza kama panadol ya kila homa, na kwa UEFI haitibu kitu.

Ikiwa badala ya kugoma inakuletea skrini ya buluu ya `INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE`, rudi kwenye mambo ya AHCI na RAID. Hii hutokea sana ukihamisha kutoka diski ya SATA kwenda SSD ya NVMe, aina mpya ya kasi zaidi, au ukirejesha imeji kwenye kompyuta tofauti na ile ya mwanzo. Kwa kompyuta tofauti kabisa, ushauri wangu ni kusakinisha Windows upya na kutoa mafaili kwenye nakala uliyoifanya kwa mkono.

## Hatua ya 10: Mashine imewaka

Acha diski ya zamani kabatini kwa muda. Usiichomeke mara moja pamoja na mpya, kwa kuwa zote mbili zina utambulisho mmoja, na Windows ikikuta mapacha inamzima mmoja. Ukilazimika kuichomeka, fanya hivyo kwa USB baada ya Windows kuwaka kikamilifu.

Kama SSD mpya ni kubwa, utakuta nafasi tupu mwishoni na kitufe cha Extend Volume kimefifia. Ni ile partisheni ya urejeshaji imekaa katikati ya C na nafasi tupu, kama mtu aliyelala mlangoni. Isogeze hadi mwisho kwa GParted, kisha panua C.

Washa tena BitLocker kama ulikuwa umeizima. Fungua faili moja la kila aina, hati, picha, video, programu ya hesabu. Tumia mashine kwa wiki mbili za kazi halisi, uzime na kuwasha kila siku. Ikipita hapo ndipo unaweza kuifuta diski ya zamani, kuiuza, au kuigeuza ghala la imeji inayofuata, ikiwa zile namba za 05 na C5 bado ni sifuri.